Ngazi Mbili za Springi

Mimi ni mtu wa springi. Kuanzia Arua mpaka Oraba, dereva akiona mkia wa lori lake umelala, ataelekezwa kwenye gereji yangu hapa Koboko, nami nitamwongezea bamba moja, mawili, hata matatu, mpaka lori tupu lisimame mkia juu kama jogoo anayetafuta ugomvi. Ndivyo nilivyofunzwa Arua nikiwa kijana. Lori linalovuka mpaka pale Oraba kwenda Kaya litabeba saruji, unga, mabati, na watu juu ya mabati, na barabara ya upande wa pili haina huruma. Kwa hiyo sisi hatupimi gari likiwa na mzigo. Tunalitazama likiwa tupu, na likisimama juu tunanawa mikono. Fundi ambaye lori lake limelala njiani anachekwa soko zima, na mimi sipendi kuchekwa. Mke wangu husema hasira zangu zinakaa mfuko wa shati, karibu na kalamu.

Nayasema haya mapema ili ijulikane kwamba nilichokifanya sikukifanya kwa kutojua kazi. Niliijua kazi, ila ilikuwa kazi nyingine.

Binti yangu wa kwanza ana miaka ishirini na minne. Anafanya kazi Oraba kwa wakala mmoja wa forodha, na siku nzima anapita kati ya malori akiwa na karatasi mkononi, akibishana na madereva waliomzidi umri mara mbili. Ubishi huo kautoa kwangu, hilo silikatai. Mwaka juzi shirika moja lililokuwa likihudumia wakimbizi lilifunga kazi, likauza vitu vyake kwa mnada, na yeye akanunua kwadi, yaani pikipiki ya magurudumu manne. Ilikuwa imegongwa. Akaileta gerejini juu ya lori la mchanga, akashuka, akanisalimu vizuri, halafu akasema alichojia.

"Baba, hii nataka ya mbio."

"Mbio gani?"

"Ya kuzunguka. Kule Lurujo, kwa ile shimo ya maramu. Watu ya Arua nakuja na kwadi yao kila mara. Sisi ya Koboko hakuna mutu."

Shimo hilo nililijua. Ndiko greda lilikochimba udongo mwekundu wa barabara miaka kadhaa, likaacha uwanja mpana wenye kingo, na vijana wakagundua kwamba ukilizungukia kwa kushoto, kwa kasi, vumbi linapanda na watu wanakuja kutazama. Nilimwambia nitafikiri. Nilikuwa nimeshachuchumaa tayari, nikitazama chasisi ilivyopinda.

Nyumbani mambo hayakuwa rahisi. Mke wangu alimzika mdogo wake kwa sababu ya pikipiki, kwenye barabara ya Arua, mchana kweupe, bila hata kugongana na mtu. Aliposikia habari ya mbio alikuwa akichekecha unga wa muhogo. Hakuacha kuchekecha, wala hakupandisha sauti.

"Baba ya watoto. Hii mutoto ikirudi imevunjika, wewe tafuta nyumba ingine."

Nikamjibu kwamba hatavunjika, kwa kuwa fundi ni mimi. Nilisema hivyo kwa mdomo mpana, na tangu siku ile nikawa nalala vibaya.

Chasisi niliinyoosha vizuri, nani atabisha. Nilifunga uzi kutoka gurudumu la nyuma mpaka la mbele, kulia na kushoto, nikaona upande wa kushoto umerudi nyuma upana wa kidole. Nikaichoma moto ikawa nyekundu, nikaivuta kwa jeki ya lori, nikaiacha ipoe yenyewe bila kuimwagia maji, nikafunga uzi tena. Mara tatu. Bushi mpya na beringi nilizifuata Arua mwenyewe, maana nikimtuma mtu ataniletea zinazofanana tu. Ekseli ya nyuma nikaipanua kwa vipande vya chuma nilivyovitoboa kwa mkono, ili kwadi ikanyage mapana. Binti yangu alikuwa akija jioni na nguo za kazi, anakaa juu ya tairi kuukuu, anatazama simu yake, halafu ananitazama mimi.

"Baba, hii kwadi unaipenda kuliko mimi."

"Hii hapana bishana na mimi," nilimwambia, naye akacheka.

Kisha tukafika kwenye springi. Kila shokapu ya kwadi ile ina springi yake, na chini ya springi kuna ringi iliyokatwa ngazi tano. Ukiizungusha ringi kwa spana yenye kulabu, springi inabanwa, inakuwa ngumu, na mwili wa kwadi unapanda. Sikumuuliza mtu. Nilizungusha zote nne mpaka ngazi ya tano, kwadi ikasimama juu, nikarudi nyuma hatua tatu nikaitazama nikaridhika.

Tuliijaribu Kuluba, kwenye shamba la jamaa yetu lililokuwa limevunwa. Tukaweka mapipa mawili, akayazunguka. Mzunguko wa kwanza, taratibu. Wa pili akaongeza moto, mwendo ukapanda, na hapo nikaona magurudumu mawili ya kushoto yameachana na ardhi. Yalikaa hewani muda ambao mtu angeweza kutaja jina lake na la baba yake. Akatupa mwili wote upande wa ndani, yakarudi chini, kwadi ikazimika. Nilikuwa nimeshakimbia nusu ya shamba bila kujua. Alivua kofia. Uso ulikuwa na vumbi, ila sauti ilikuwa imetulia, na hilo ndilo lililoniudhi.

"Hii hapana lori, Baba. Hii inabeba mimi peke yangu."

Jioni ile alivaa kofia, buti na kila kitu, akakaa juu ya kwadi katikati ya gereji, akanipa futi. Akaniambia nipime kutoka kwenye ekseli mpaka kwenye ubavu wa chasisi, kwanza bila yeye, halafu yeye akiwa juu. Kwadi ilikuwa imeshuka pungufu ya upana wa kidole. Akaeleza, kwa adabu lakini bila kunionea haya, kwamba kwadi ya mbio inatakiwa ishuke kidogo mwenyewe akiikalia, ili gurudumu likikuta shimo lipate nafasi ya kulifuata ndani, lisiruke juu yake. Na ikiwa chini haipinduki ovyo kwenye kona. Nilibisha. Nilimwambia nimefunga springi tangu kabla hajazaliwa. Akasema anajua, ndiyo maana amekuja kwangu. Sasa mtu utajibu nini hapo?

Tukashusha ringi za nyuma mpaka ngazi ya pili na za mbele mpaka ya tatu. Jumamosi asubuhi tukarudi Kuluba. Safari hii kwadi ilizunguka mapipa kama iliyofungwa kamba, magurudumu yote manne chini, mkia ukiteleza kwa utaratibu na kurudi. Niliona kwa macho yangu. Nikasema matairi yana upepo mwingi.

Mbio zilikuwa Jumapili baada ya ibada. Jumamosi hiyo mchana tuliipeleka kwadi Lurujo, tukaifunika turubai karibu na kingo za shimo, nami nikabaki kuilinda. Yeye alilala kwa shangazi yake aliye jirani na pale. Asubuhi, jua lilipotoka, nikaenda kuutembelea uwanja kwa miguu, nikihesabu mashimo. Kwenye kona ya pili, pale wanapotoka kona na kuanza kukanyaga moto, nikakuta tuta. Mvua ilikuwa imetuamisha maji pale, mtu akamwaga maramu juu yake bila kuishindilia. Lilikuwa fupi, linafika chini ya goti, lakini lilikuwa pale pale ambapo kwadi inakuwa imelala upande mmoja na uzito wote umekwenda nyuma.

Nilisimama juu ya tuta lile. Niliona kitu kizima kichwani mwangu: springi laini inazama mpaka mwisho, tumbo la chasisi linagonga udongo, kwadi inasimama ghafla, na binti yangu hasimami. Nikamwona mke wangu na chekecheke.

Nikarudi kwenye turubai, nikaingiza mkono chini ya kwadi na ile spana ya kulabu. Nyuma kulia, ngazi moja, ngazi ya pili. Nyuma kushoto, vivyo hivyo. Kutoka ya pili hadi ya nne. Ilichukua dakika tano. Nilifanya kwa kumpenda, na nataka lijulikane hivyo, ingawa halinisaidii. Sikumwambia kwa sababu angekataa. Hiyo ndiyo sababu yote, hakuna nyingine.

Alikuja amekunywa chai, amenawa, amefunga kitambaa kichwani chini ya kofia. Akapima upepo wa matairi, akajaribu breki, akavuta kebo ya moto. Springi hakuzipima. Kwa nini azipime? Alizipima jana yake, na aliyeachiwa kwadi alikuwa baba yake.

Washindani walikuwa sita. Duru ya kwanza ya mashindano, ya mizunguko kadhaa, ilikuwa ya kupanga nani atasimama wapi kwenye duru ya mwisho, na mwenye bendera alikuwa afande mmoja mstaafu, rafiki wa marehemu baba yangu, mzee ambaye bado anasimama wima kama yuko gwaride. Akashusha bendera. Vumbi likapanda, nikampoteza, nikamwona tena kwenye kona ya kwanza akiwa wa tatu. Nilikuwa nimeshika kamba ya kuzuia watu kwa mikono miwili.

Kona ya pili. Waliomtangulia walilipita tuta wakiyumba kidogo. Yeye alipofika, mkia wa kwadi haukuzama hata kidogo. Ulirushwa. Nyuma nzima iliinuka, ikatua ikiwa imeelekea pembeni, akaiwahi. Nikajiambia ni mara ya kwanza, atazoea. Mzunguko uliofuata ilimrusha zaidi, na safari hii ilitua kwa magurudumu ya kulia tu. Mawili ya kushoto yalikuwa juu. Alining'inia upande wa ndani, goti karibu liguse udongo. Yakashuka. Baada ya hapo kila alipoikaribia ile kona alikuwa akiachia moto mapema, na kila kwadi iliyokuwa nyuma ikampita. Alimaliza wa mwisho.

Aliileta kwadi mpaka kwenye turubai, akaizima, akashuka, akakaa chini akiegemea gurudumu. Alivua glavu. Mikono ilikuwa ikitetemeka, akaitazama kana kwamba si yake.

"Baba, mimi nimeogopa."

Nikachuchumaa.

"Jana ilikuwa inasikia mimi. Leo iko kwadi ile ile, mimi hapana badilisha kitu. Kwa hiyo iko mimi. Mikono yangu nakataa." Akafunga macho. "Basi. Hii kitu hapana ya mimi. Naacha."

Hakulia. Angelia ingekuwa rahisi kwangu. Aliyasema kama mtu anayesoma karatasi ya forodha, amekuta kosa, na kosa ni lake.

Simu yangu ikalia. Alikuwa mke wangu. Nikasimama, nikasogea hatua mbili.

"Iko namna gani?"

"Iko muzima," nikasema.

"Imemaliza?"

Nitasema ukweli kuhusu dakika ile. Nilifurahi. Nilichotakiwa kusema ni neno moja tu, ndiyo, imemaliza, na yote yangekwisha: binti mzima, mke ametulia, mimi ndani ya nyumba yangu, na kwadi tungeiuza kwa mtu wa Arua. Hakuna ambaye angejua. Ringi ningezirudisha gerejini bila kuonekana. Na yeye angeendelea kwenda Oraba kila asubuhi, kubishana na madereva, huku moyoni akijua kwamba siku alipojaribu kitu alichokitaka kweli, mikono yake ilimkataa. Angeliamini hilo mpaka uzeeni. Uchungu wa mwana aujuaye mzazi, wanasema, na mimi ndiye niliyekuwa nimemtia uchungu huo, kwa spana, asubuhi na mapema.

"Bado," nikamwambia mke wangu. "Bado hapana maliza." Nikakata simu kabla hajauliza zaidi.

Nikarudi. Nikachuchumaa tena mbele yake, ili nisimwambie nikiwa juu.

"Hapana wewe," nikasema. "Iko mimi. Springi ya nyuma, mimi nilikaza. Ngazi mbili."

Alifungua macho. Hakunitazama mimi. Aligeuka, akaingiza mkono chini ya kwadi, akazipapasa ringi kwa kidole, kwanza ya kulia, halafu ya kushoto. Nilikuwa nikisikia wale wa Arua wakicheka huko kwenye magari yao, wakimwaga maji.

"Saa ngapi?"

"Asubuhi. Wewe ulikuwa kwa chai."

"Kwa nini?"

"Kuna tuta kwa kona ya pili. Niliogopa chasisi itagonga chini."

Akautoa mkono chini ya kwadi, akaupangusa kwenye suruali.

"Ile tuta mimi niliona jana jioni, Baba. Nilienda kwa miguu, nikapima na fimbo. Springi ya jana ilikuwa ya kumeza ile tuta. Mimi nilijua."

Nikasema pole. Katika gereji yangu neno hilo huwa nasema mtu akijikata kidole, na sijui kama lilifaa pale. Alinyoosha mkono.

"Leta spana."

Nilimpa. Nikapiga goti ili niishike kwadi kutoka upande wa pili, maana kazi ile ni nyepesi mkiwa wawili.

"Hapana," akasema. "Wewe enda simama na watu."

Hasira ilinipanda, siwezi kuficha. Gereji ni yangu, chasisi nimeinyoosha kwa mikono yangu, na ninafukuzwa mbele ya mafundi wa Arua kama mtu aliyekuja kuomba maji. Nilifungua mdomo. Kisha nikaona mikono yake ikiwa imeshika spana. Ilikuwa imeacha kutetemeka. Nikafunga mdomo, nikainuka, nikapita chini ya kamba, nikaenda kusimama na watu.

Kutoka pale sikuweza kuona ringi ameziweka ngazi gani. Nilimwona akizungusha, akiinama, akikalia kwadi na kuibonyeza kwa uzito wake, akishuka, akizungusha tena. Hakuniita. Afande aliwapanga, naye kwa kuwa alimaliza wa mwisho akawekwa nyuma kabisa, upande wa nje, mahali pabaya kuliko pote. Bendera ikashuka.

Kwenye kona ya kwanza sikumwona. Kwenye ya pili nilimwona akiwa bado nyuma, na alikuwa hajaachia moto. Alilifuata tuta kwa kasi ile ile niliyoiota nikiwa nimesimama juu yake asubuhi. Niligeuza uso. Halafu nikajilazimisha kutazama, nikaona nyuma ya kwadi ikizama, ikazama mpaka nikadhani sasa inagonga, ikalimeza tuta na kuinuka polepole, magurudumu yote manne yakiwa chini. Alitoka pale akiwa amempita mmoja. Mzunguko uliofuata, pale pale, akampita wa pili, maana wenzake wote walikuwa wakipunguza mwendo kwa ajili ya tuta na yeye hapunguzi. Nilikuwa nikisali na kutukana kwa pamoja, Mungu anisamehe, bila kutoa sauti.

Kando yangu alikuwepo mtu wa makamo kutoka Arua, ana karanga kwenye karatasi, na alikuwa akinigonga kiwiko kila mara kana kwamba tunajuana. Binti yangu alipompita wa tatu, mtu yule alinigeukia.

"Hii kwadi ya musichana imefungwa muzuri sana. Fundi yake nani?"

Miaka thelathini nimelijibu swali hilo kabla mtu hajalimaliza. Nilikuwa nimeshavuta pumzi.

"Fundi yake iko yeye mwenyewe," nikasema.

"Kweli?"

"Kweli."

Binti yangu alimaliza wa pili, nyuma ya kijana mmoja wa Arua, kwa urefu wa kwadi moja hivi. Watu wa Koboko walipiga kelele mpaka afande akaanza kupeperusha bendera bila sababu. Aliizungusha kwadi mara moja taratibu, akapita mbele ya kamba akiwa amevaa kofia, kichwa kimeelekea mbele.

Yule mwenye karanga akasema na yeye ana kwadi nyumbani, inamrusha kwenye kona, angependa itazamwe. Akaniuliza kama naweza kumpa namba ya simu ya yule msichana. Nikamwambia namba ninayo, lakini siwezi kuitoa bila yeye kuniruhusu. Amngoje amalize kufunga vitu vyake, amwulize mwenyewe. Akasema sawa, atangoja. Akanigawia karanga, tukasimama nyuma ya kamba, mimi na yeye, tukamngoja.